Potasiamu Imepanda, au Jiwe la Mizani Limepungua?

Ilikuwa karibu saa tisa usiku. Mashine ya kupima chumvi za damu ilikuwa imetoa karatasi tatu mfululizo, na zote tatu zilinikataa rohoni. Wa kwanza alikuwa mama aliyetoka kujifungua kwa upasuaji, wa pili mzee wa kisukari, wa tatu kijana aliyeanguka na bodaboda. Hawakuwa na lolote la kufanana, lakini sodiamu zao zilisomeka milimoli 149, 151 na 148 kwa lita, na kloridi 95, 94 na 96. Kalsiamu huru nayo ilikuwa juu kwa wote. Potasiamu zilionekana za kawaida kabisa, na kwa ajili hiyo nilikuwa nimeshashika kalamu kuzisaini.

Dada niliyekuwa naye zamu, aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi, alizichukua zile karatasi akazipanga mezani. "Mdogo wangu," akasema, "sodiamu na kloridi hutembea pamoja kama pacha. Hapa mmoja kapanda mlima, mwingine kashuka bondeni, na kwa watu watatu usiku mmoja. Hawa hawaumwi ugonjwa huo. Fungua mlango wa mashine."

Tulikuta chupa ya kloridi ya potasiamu imebaki kidogo chini, kiputo cha hewa kimekwama kwenye mpira, na fuwele nyeupe zimejijenga shingoni mwa elektrodi rejea, ile ambayo nyingine zote hulinganishwa nayo. Tulibadilisha, tukaosha, tukafanya kalibresheni upya, tukarudia sampuli. Sodiamu ya yule mama ikarudi 138. Kosa zima lilikuwa la milivolti mbili hivi.

Tangu usiku ule nimekuwa nikisema jambo moja kila ninapopata wa kunisikiliza: katika vipimo vya umeme vya damu, jasho, mkojo na mate, tumeielekeza akili yetu yote kwenye elektrodi inayohisi, tukaiacha ile inayosimama upande wa pili kama kifaa cha ziada. Wanafunzi huandika tasnifu nzima juu ya utando mpya wa kuhisi glukosi au potasiamu, halafu elektrodi rejea inapata nusu sentensi. Wanunuzi wa vifaa huuliza bei ya katriji ya vipimo, wala hawaulizi mmumunyo wa rejea utaisha lini. Mimi naona tumeshika kazi kwa upande usio wake.

Nenda sokoni utazame mizani ya zamani ya vikombe viwili. Upande mmoja kuna mchele, upande mwingine kuna jiwe. Mteja macho yake yote yako kwenye mchele, lakini anayejua biashara hutazama jiwe. Tanzania tuna Wakala wa Vipimo ambaye kazi yake mojawapo ni kuyakagua na kuyapiga chapa mawe hayo, kwa kuwa jiwe likipungua, kila kitakachopimwa kitaonekana kizito kuliko kilivyo: mchele, maharage, sukari, vyote. Volteji nayo haipimwi mahali pamoja. Kila mara tunapima tofauti kati ya elektrodi mbili, na mita haina namna ya kutuambia ni ipi kati ya hizo mbili iliyosogea.

Lakini kuna jambo hapa ambalo wengi hulikosea. Jiwe lenye uzito usio sahihi ila usiobadilika halina madhara makubwa, maana kalibresheni hulisahihisha: mashine inapimishwa mmumunyo unaojulikana, inaona kosa, inaliondoa. Balaa ni jiwe la chumvi. Fikiria muuza duka anayepimia bonge la chumvi wakati wa masika, likinyonya unyevu asubuhi na kudondosha mchana. Elektrodi rejea mbovu ndivyo ilivyo. Ilikuwa mahali fulani wakati wa kalibresheni, na sasa damu ilipoingia iko mahali pengine. Ndiyo maana sifa tunayoidai kwake kwanza ni utulivu, na usahihi unafuata nyuma.

Tuone milivolti hizo zina thamani gani. Kwa kanuni ya Nernst, inayounganisha volteji na wingi wa ioni (chembe zenye chaji ya umeme), ioni yenye chaji moja inapoongezeka mara kumi, volteji hubadilika kwa milivolti 61.5 katika joto la mwili, nyuzi 37. Kwa hiyo milivolti moja tu ya kosa ni karibu asilimia 4 ya kiasi cha ioni. Sodiamu ya 140 inakuwa 145, na hapo umeshagusa ukingo wa juu wa kawaida. Kalsiamu, yenye chaji mbili, inateseka maradufu: milivolti moja inaipeleka 1.20 kwenye 1.29. Kwa upande wa pH, yaani kipimo cha asidi, upana mzima wa afya kutoka 7.35 hadi 7.45 umebanwa ndani ya milivolti sita na ushee. Na ikitokea rejea imeteleza milivolti 10, mtu mwenye potasiamu ya 4.5, mzima wa afya, atasomeka 6.5, kiwango ambacho daktari akikiona anakimbilia dawa ya kuulinda moyo.

Bahati yetu ni kwamba kosa la rejea lina alama yake ya vidole. Elektrodi zote za mashine hutegemea jiwe moja, hivyo zote husogezwa pamoja: sodiamu, potasiamu na kalsiamu zinapanda, pH inashuka kwa kuwa ioni za hidrojeni nazo zinaonekana nyingi, na kloridi, yenye chaji hasi, inashuka. Au vyote vinageuka kinyume. Mwili wa binadamu ni nadra kufanya hivyo kwa mpangilio huo. Dada yangu wa zamu hakukokotoa logi yoyote usiku ule, ila alama hiyo aliijua kama anavyojua mwandiko wa mwanawe. Ningependa kila anayesaini majibu ya chumvi za damu afundishwe kuitambua kabla hajafundishwa kubonyeza kitufe.

Sasa elektrodi yenyewe ni kitu gani? Inayotumika kwa wingi ni waya wa fedha, namaanisha madini ya fedha, uliovikwa koti jembamba la kloridi ya fedha na kutumbukizwa katika mmumunyo wenye kloridi. Katikati ya koti na waya kuna mabadilishano yasiyokoma: kloridi ya fedha inageuka fedha na kuachia ioni ya kloridi, kisha kinyume chake. Kinachoamua volteji ya elektrodi hiyo ni wingi wa kloridi inayoizunguka na joto. Katika nyuzi 25, thamani yake ya msingi ni volti 0.222 dhidi ya elektrodi ya hidrojeni. Ndani ya kloridi ya potasiamu ya moli 3 kwa lita ni karibu 0.210, na ndani ya mmumunyo ulioshiba ni karibu 0.197. Zamani elektrodi za kalomeli, zenye zebaki, ndizo zilizotawala maabara. Sumu ya zebaki imezifanya zikimbiwe, na sioni sababu ya kuzililia.

Historia ya vipimo hivi katika damu ina usiku mmoja mrefu ambao kila mtu wa maabara anafaa kuujua. Mwaka 1952 polio iliukumba mji wa Copenhagen, na hospitali ya Blegdam ikajaa wagonjwa walioshindwa kupumua. Damu zao zilionyesha wingi wa bikaboneti, na madaktari wakadhani ni alkali imezidi. Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi, alisema hapana, hewa ya kaboni imewajaa kwa kuwa hawapumui. Poul Astrup wa maabara alipopima pH ya damu yenyewe kwa elektrodi, ikaonekana asidi. Wagonjwa walitobolewa koo, na wanafunzi wa udaktari wakakaa zamu kwa zamu wakiwapulizia hewa kwa mkono. Ubishi ule wa kitabibu uliamuliwa na tofauti ndogo ya volteji kati ya elektrodi ya kioo inayohisi pH na rejea. Kama rejea ile ingekuwa ya kuyumba, nani angemwamini Ibsen?

Nirudi kwenye kloridi, maana hapo ndipo watu wengi wanaopima majimaji ya mwili hupotelea. Njia rahisi kuliko zote ni kuchukua waya wa fedha wenye koti na kuutumbukiza moja kwa moja ndani ya sampuli, bila chupa, bila mmumunyo wake wenyewe. Waya mtupu. Katika damu hila hii inaweza kukuvusha, kwa sababu mwili huilinda kloridi ya plazima kati ya milimoli 98 na 106 kwa lita hivi. Yote hayo ni milivolti mbili. Hata hizo mbili, kama tulivyoona, zinatosha kuharibu kipimo cha sodiamu, lakini kwa kazi nyingine zinavumilika. Ukihamia kwenye jasho, umekwisha. Jasho la mtu mmoja laweza kuwa na milimoli 20 za kloridi, la mwingine 60, na la mtoto mwenye ugonjwa wa sisti faibrosisi likazidi hapo, kwani 60 na kuendelea ndicho kipimo cha ugonjwa huo. Kutoka 20 hadi 60 waya mtupu unasogea milivolti 29 hivi. Unapima jiwe na mchele kwa wakati mmoja na hujui kipi kilichosogea. Mkojo ndio mbaya zaidi, kwa kuwa unafuata chakula cha jana na maji ya leo asubuhi.

Ndiyo maana nilifurahi kuona watafiti wa Berkeley waliotoa kitambuzi cha jasho cha kuvaa mkononi mwaka 2016, kundi la Ali Javey na Wei Gao, hawakuiacha rejea uchi. Waliifunika kwa utando wa plastiki ya polivinili butirali wenye chumvi ya mezani ndani yake, ili kloridi inayoizunguka fedha itoke kwenye utando, jasho la mvaaji liseme litakalo. Watu walisifia saketi zake na simu iliyopokea majibu. Mimi nilibaki nikiutazama ule utando.

Basi niseme jinsi ninavyoitengeneza, maana ninaamini mtu asiyewahi kutengeneza elektrodi rejea kwa mkono wake hatakaa aielewe ile ya kununua. Naanza na waya wa fedha safi, asilimia 99.9 au zaidi, unene wa milimita moja. Sonara anaweza kukuuzia, lakini mwulize vizuri: fedha ya mapambo mara nyingi ni 925, yaani ina shaba ndani yake, na shaba hiyo itakusumbua maisha yote ya elektrodi. Kama hana safi, usichukue. Nakata sentimita saba, naupiga msasa laini mpaka ung'ae sawasawa, naufuta kwa spiriti, nauchovya kidogo kwenye asidi ya nitriki iliyochujuka, nausuuza kwa maji yaliyokenekwa mara kadhaa. Kuanzia hapo sishiki kwa vidole. Mafuta ya kidole yanaacha doa ambalo koti halitashika, na doa hilo baadaye ndilo linalonong'ona kwenye mita.

Kisha nauvisha koti. Sentimita tano za waya zinaingia ndani ya asidi ya hidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita, waya upande wa chanya, na upande wa hasi kipande cha platinamu au kijiti cha grafiti. Mkondo uwe mdogo: miliampea 0.4 kwa kila sentimita ya mraba, kwa nusu saa. Waya wangu una eneo la sentimita za mraba 1.6 hivi, kwa hiyo naweka karibu miliampea 0.6, betri moja ya kawaida ya volti 1.5, rezista ya kurekebisha na multimita vinatosha, huhitaji mashine ya mamilioni. Katika dakika za mwanzo mng'ao unakufa, waya unakuwa kama umepigwa na moshi, halafu taratibu unakuja rangi ya zambarau iliyofifia, rangi ya ganda la zambarau lililoanza kukauka. Rangi iwe moja kuanzia juu hadi chini. Nusu saa hiyo imeweka miligramu 1.6 hadi 1.7 tu za kloridi ya fedha, chini ya punje ya mchele, na ndizo zitakazobeba kazi yote.

Kishawishi ni kuongeza mkondo ili umalize upesi. Nimewaona vijana wakifanya hivyo, na koti linatoka nene, lenye ufa, likibanduka kama rangi ya ukuta wenye chumvi. Wengine huchovya waya kwenye Jik ya kufulia kwa dakika 20 au 30. Njia hiyo inafanya kazi kweli, nami naifundisha shuleni kwa kuwa haihitaji hata betri, ila koti lake halina usawa wa lile la umeme, na kwa kipimo cha damu cha utafiti nisingelitegemea. Koti la zamani likiharibika linayeyuka kwa amonia. Mmumunyo huo umwagwe siku hiyo hiyo kwa utaratibu wa taka za maabara, usiwekwe kabatini hata usiku mmoja, kwa sababu fedha na amonia vikikaa pamoja vinaweza kuzaa mchanganyiko unaolipuka.

Inayofuata ni nyumba ya waya. Nachukua mrija wa kioo wenye kizibo chenye vinyweleo chini, najaza kloridi ya potasiamu ya moli 3: gramu 22.4, kisha maji mpaka mililita 100. Kabla ya kujaza naongeza matone machache ya naitreti ya fedha mpaka utandu mweupe ubaki bila kuyeyuka. Hatua hii ndogo wengi huiruka, na hawajui kwa nini elektrodi zao hufa mapema. Kloridi ikiwa nyingi hivyo inaiyeyusha kloridi ya fedha, inaibeba kidogo kidogo kutoka kwenye koti mpaka waya unabaki mtupu. Mmumunyo ukiwa umeshashiba fedha, hauna njaa ya kula koti lako. Kiungo cha waya na kebo kikae juu kabisa, nje ya kimiminika, lehemu isiguse maji. Mwisho, mrija unazungushiwa utepe mweusi, kwa kuwa mwanga huiozesha kloridi ya fedha, tabia ile ile iliyozaa upigaji picha wa kale. Naiacha ikae siku nzima kabla ya kuiamini.

Pa kukosa kizibo cha kioo, agari, unga wa mwani unaoganda kama jeli, inatosha: gramu 3 katika mililita 100 za mmumunyo ule ule, ichemshwe mpaka iwe angavu, inyonywe taratibu ndani ya mrija bila kiputo hata kimoja. Agari hiyo tunaagiza nje. Mwani wanaoulima akina mama wa Paje na Jambiani hautoi agari, unatoa karagini. Lakini mwani wa aina ya kotonii hutoa karagini ya kapa, ambayo huganda imara hasa ikikutana na potasiamu, na potasiamu ndiyo hasa iliyojaa kwenye daraja letu la chumvi, yaani mmumunyo unaounganisha waya na sampuli. Sijaupima utulivu wake kwa milivolti, na ningefurahi mwanafunzi wa Zanzibar aufanye mradi wa mwaka wa mwisho.

Halafu unakuja mtihani halisi, damu yenyewe. Mlango ambapo mmumunyo wa rejea unakutana na sampuli ndio mahali penye matatizo mengi kuliko waya. Kloridi ya potasiamu ilichaguliwa kwa hekima: ioni zake mbili hutembea kwa kasi inayokaribiana, hivyo hakuna upande unaotangulia na kuacha chaji nyuma yake. Mlango ukiwa safi, volteji yake ni ndogo na haibadiliki. Lakini damu ina protini, na protini zikikutana na chumvi kali huganda. Mbaya zaidi, mmumunyo wetu umebeba fedha iliyoyeyuka. Ukitoka nje na kuchujuka, fedha hiyo inaganda mlangoni, au inakamatwa na salfa iliyomo kwenye protini, na vinyweleo vinaziba kwa doa jeusi. Chembe nyekundu za damu nazo husogeza volteji ya mlango, hivyo damu nzima na plazima ya mtu yule yule hazisomeki sawa kabisa.

Dawa yake ni nyumba mbili: chumba cha ndani chenye fedha, na chumba cha nje chenye mmumunyo usio na fedha, ambao ndio unaogusana na sampuli. Bei inapanda, matengenezo yanaongezeka, lakini kwa mtu anayepima damu au bafa ya Trisi (mmumunyo wa kuituliza pH) kila siku, kuishi na nyumba moja ni kujitafutia maudhi. Mashine nyingi za hospitali zimechagua njia nyingine, zinaufanya mlango upya kwa kila sampuli kwa kutiririsha kloridi ya potasiamu mpya. Hapo sasa utaelewa kwa nini ile chupa iliyobaki kidogo ilituletea karatasi tatu za uongo. Mlango ulioziba kwa protini unaoshwa kwa pepsini, kimeng'enya kinachovunja protini, ndani ya asidi; wenye doa la salfaidi ya fedha kwa thayoyurea. Na ukitaka kuujua kabla haujakuumbua, koroga. Mita ikihama zaidi ya milivolti moja kwa kukoroga tu, mlango unaumwa.

Kuna hoja ninayoletewa kila mara, na ni ya haki: mbona vijiti vingi vya kupimia sukari kwa tone la damu ya kidole vina rejea ya wino wa fedha uliochapishwa, waya mtupu kabisa, na mamilioni ya watu wanaishi kwa kuvitegemea? Jibu ni kwamba kazi yake ni nyingine. Pale hatupimi volteji; tunaiweka volteji na kupima mkondo unaotoka kwenye glukosi. Volteji huwekwa mahali ambapo mkondo umefika uwanda, haupandi tena hata volteji ikiongezwa kidogo, na rejea ikiteleza milivolti 10 au 20 mkondo haujali. Zaidi ya hapo, kijiti kinaishi sekunde chache kisha kinatupwa. Sina ugomvi na vijiti. Ugomvi wangu ni kuichukua rejea ya kijiti na kuipeleka kupima potasiamu, kisha kushangaa majibu yanayumba.

Vitambuzi vya sukari vinavyokaa chini ya ngozi kwa wiki mbili viko katikati. Katika vile vyenye elektrodi mbili tu, rejea ndiyo pia inayobeba mkondo, na kila mkondo unapopita, koti la kloridi ya fedha linaliwa. Piga hesabu: nanoampea 10 kwa siku 14 ni kama mikrogramu 18 za koti. Ni kidogo, lakini elektrodi yenyewe ni nyembamba, na koti likiisha kifaa kimekufa hata kama kimeng'enya chake bado kizima. Anayebuni kifaa cha namna hiyo lazima akate koti kwa kipimo cha maisha yake.

Nije kwenye madai yangu. Kwanza, mtahini yeyote wa chuo anayekutana na tasnifu iliyoandika tu "dhidi ya fedha na kloridi ya fedha" bila kutaja wingi wa kloridi na joto, airudishe. Waya mtupu ndani ya plazima na elektrodi ya moli 3 vimetofautiana karibu milivolti 80; sentensi hiyo haijasema chochote kinachoweza kurudiwa na mtu wa Nairobi au Mbarara. Pili, bajeti ya mashine ya chumvi za damu ihesabu mmumunyo wa rejea na sehemu zake kwa mwaka mzima, siku ile ile mashine inaponunuliwa. Nimeona mashine nzuri ikifunikwa kitambaa kwa miezi kwa kukosa kitu cha bei ya chakula cha mchana. Tatu, tuzitengeneze wenyewe vyuoni na mashuleni. Kwa majibu ya mgonjwa, la hasha: hapo vitumike vipuri vilivyoidhinishwa kwa mashine hiyo, bila ubunifu. Lakini katika kujifunza na kutafiti, mwanafunzi aliyetazama rangi ile ya zambarau ikipanda kwenye waya hatasahau kwamba kuna upande wa pili wa mizani.

Na azitengeneze tatu, si mbili. Ukiwa na mbili na zikatofautiana, umejua kuna ugomvi ila hujui mwongo ni nani. Ya tatu ndiyo shahidi. Zangu zinaishi pamoja ndani ya kopo moja la kloridi ya potasiamu ya moli 3, zimeunganishwa kwa waya mmoja usiku kucha ili zipatane, wala haziguswi na maji yaliyokenekwa zaidi ya kusuuzwa. Ubavuni mwa kopo nimebandika karatasi, na kila asubuhi kabla ya kazi tunaandika tofauti zake kwa milivolti. Moja na mbili, 0.3. Moja na tatu, 0.4. Mbili na tatu, 0.1.

Wiki iliyopita binti anayejifunza kwangu aliandika 0.3, kisha 1.9, kisha 1.6, akaniita. "Mwalimu, ya tatu imehama." Hakuniuliza afanye nini. Aliitoa, akaifungua utepe, akaipeleka dirishani. Karibu na ncha palikuwa na mkwaruzo mdogo, mpana kama ukucha wa mtoto, fedha ikimeremeta chini ya koti. Akachukua msasa.